"Tumefungwa, Hatukushindwa": Lugha ya Mshabiki Baada ya Kufungwa kwa Bao Moja

Miongoni mwa mada zinazowapa taabu wanafunzi wetu wa miaka ya mwanzo ni matumizi ya viambishi -nge- na -ngali-. Vitabu vya sarufi vimejaa mifano ya aina ya "Ningalikuwa tajiri ningalinunua gari". Mwanafunzi huunakili mfano huo, huujibia mtihani, kisha huusahau, kwa kuwa hauna uchungu wowote ndani yake. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba ipo hazina nyingine ya mifano ambayo walimu wengi tunaipita kila mwisho wa wiki, nayo ni maneno ya mshabiki wa mpira ambaye timu yake imefungwa kwa tofauti ya bao moja tu. Mshabiki huyo ana hasira, ana fahari, ana majuto, na papo hapo anamsifu kipa wake. Tutaangalia jinsi Kiswahili kinavyoyabeba yote hayo kwa pamoja, na mahali ambapo wanafunzi wetu wa hapa Rwanda hujikwaa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa tarehe 30 Januari 2016. Rwanda ilikuwa mwenyeji wa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Katika robo fainali, Amavubi (yaani Nyigu) walikutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye Uwanja wa Amahoro, Remera, ambao kwetu sisi wakazi wa Ndera si mbali. Kongo walitangulia kwa bao la Doxa Gikanji, Ernest Sugira akasawazisha kipindi cha pili, na muda wa kawaida ukaisha 1-1. Zikiwa zimebaki dakika chache za muda wa nyongeza, Padou Bompunga akafunga la pili. Rwanda ikatolewa 2-1.

Sasa linganisha, ndugu msomaji. Siku sita kabla ya hapo, katika mashindano hayohayo, Rwanda ilifungwa na Moroko 4-1. Ukitazama tarakimu peke yake, utasema kipigo cha Moroko ndicho kilichostahili kuumiza. La hasha! Rwanda ilikuwa imekwisha kuzifunga Côte d'Ivoire na Gabon, na nafasi yake ya robo fainali ilikuwa mfukoni. Mabao manne ya Moroko yalizungumzwa kama mvua iliyonyesha usiku watu wamelala. Bao la pili la Kongo ndilo lililokaa rohoni, na hadi leo ukilitaja kwenye kituo cha pikipiki hutakosa motari wa kukueleza lilivyoingia na nani alipaswa kuwa wapi.

Wanasaikolojia wameitafiti hali inayofanana na hii. Mwaka 1995, Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha uchunguzi wao kuhusu washindi wa medali katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992. Waliona kwamba washindi wa shaba, walio nafasi ya tatu, walionekana wenye furaha zaidi kuliko washindi wa fedha, walio nafasi ya pili. Maelezo yao ni kwamba wa pili hujilinganisha na dhahabu aliyoikosa, ilhali wa tatu hujilinganisha na wale waliokosa medali kabisa. Kwa maneno mengine, ukaribu ndio unaouma. Kiswahili kina msamiati mpana wa ukaribu huo: nusura, almanusura, kidogo tu, bado kidogo, chupuchupu. Hata hivyo, maneno haya hayabadilishani ovyo. Aliyeponea chupuchupu ameepuka baya. Mshabiki wa Amavubi hawezi kusema alikosa nusu fainali chupuchupu bila kumfanya msikilizaji ajiulize kama alikuwa anaikimbia.

Tuje kwenye kitenzi chenyewe. Kinyarwanda hutumia "gutsinda" kwa kushinda mchezo, kwa kufaulu mtihani na pia kwa kufunga bao: "gutsinda igitego". Ndiyo maana katika insha za wanafunzi wetu tunakutana na sentensi kama "Sugira ameshinda bao", ambayo Mswahili hataielewa kwa urahisi. Kiswahili kimetenganisha. Mchezaji hufunga bao, timu hushinda mchezo. Kutokana na utengano huo tunapata vitenzi viwili vya kutendwa ambavyo mshabiki aliyeumia huvichezea kwa ustadi mkubwa. "Kufungwa" kunaeleza kilichotokea langoni, na kunaishia hapo. "Kushindwa" kunakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kitenzi hichohicho kina maana ya kutoweza. Mtu akisema "nimeshindwa" bila kutaja mchezo wowote, tunaelewa kwamba nguvu au akili imemwishia. Kwa hiyo mshabiki anayetamka "tumefungwa, hatukushindwa" hajipingi hata kidogo. Anakubali matokeo na anakataa hukumu. Katika Kinyarwanda sehemu zote mbili za kauli hiyo zingeangukia kwenye "gutsindwa", na mzungumzaji angelazimika kuzunguka ili aeleze tofauti hiyo. (Kinyarwanda nacho kina njia zake za kumfariji aliyefungwa, lakini hizo tuwaachie wenzetu wa idara jirani.)

Jambo la tatu, ambalo mwandishi wa makala haya analiona tamu kuliko yote, ni viambishi vya nafsi. Mwaka 1976, Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walisema "sisi" zaidi walipoeleza mchezo ambao timu ya chuo chao ilishinda kuliko ule ambao ilifungwa. Huko walitafiti neno zima linalosimama peke yake. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi, na kila kitenzi kinamlazimisha mshabiki kuchagua upya: tu- au wa-? Baada ya kipigo kikubwa uchaguzi ni rahisi: "Wamecheza ovyo, wamefungwa manne." Wao, si sisi. Baada ya ushindi pia ni rahisi: "Tumewafunga." Lakini baada ya kufungwa kwa bao moja nafsi huyumba ndani ya sentensi moja: "Tumecheza vizuri, tumewabana kila upande, halafu wanaacha mtu peke yake langoni, wanafungwa kizembe." Sikiliza mahali alipohama. Mpira mzuri ulikuwa wetu, uzembe ukawa wao. Mwanafunzi akiandika sentensi hiyo kwenye insha tutaipigia mstari mwekundu kwa kukosa upatanisho wa nafsi, na pengine tutakuwa na haki, maana insha ya mtihani ina taratibu zake. Lakini kabla ya kuipiga mstari, inafaa tumwonyeshe darasa zima kwamba mwenye kusema hivyo hajakosea sarufi. Anajitoa kwenye timu kwa sekunde mbili, kisha atarudi: "Lakini mwaka ujao tutawaonyesha."

Vipi kuhusu jina la hali yenyewe? Siku hizi magazeti na redio hupenda "hisia mchanganyiko". Hatusemi ni kosa, kwa kuwa maneno yake ni ya Kiswahili na maana yake inaeleweka. Tunasema tu kwamba ni ya baridi. Mtu aliyetoka uwanjani na koo lililokauka hasemi "nina hisia mchanganyiko". Atasema "sijui nicheke, sijui nilie", na hapo mwalimu amepata mfano mzuri wa dhamira tegemezi bila kuutafuta. Au atasema "huku nalia, huku nacheka", akivigawa vitendo viwili kwa huku na huku, kana kwamba mwili wake una pande mbili. Kwa Watanzania kuna pia "kufa kiume", yaani kufungwa baada ya kupigana kweli. Vichwa vya habari vya michezo huipenda sana kauli hiyo. Namna ya kuitumia kwa timu za wanawake ni mjadala ambao wenzetu wa isimujamii bado wanatudai.

Watanzania wenyewe walipata mtihani mkubwa zaidi wa lugha hiyo mwaka 2023. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam tarehe 28 Mei. Kisha, tarehe 3 Juni, ikashinda 1-0 huko Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda kwa Waalgeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Usiku ule mshabiki wa Yanga alikuwa mshindi wa mchezo na mkosaji wa kombe kwa wakati mmoja. "Tumefungwa" halikufaa, maana mchezo walishinda. "Tumeshinda" nalo halikufaa, maana kombe halikuja. Kitenzi kilichobaki ni "tumekosa", na hapo ndipo -ngali- ilipopata kazi yake.

Turudi basi kwenye viambishi vyetu. Kinyarwanda huanza sentensi ya masharti yasiyotimia kwa "iyo", na mwanafunzi wetu huihamisha: "Kama tungalivumilia..." Si vibaya, lakini Kiswahili hakihitaji "kama" hapo, kwa kuwa sharti limekwisha kuingia kwenye kitenzi. Kikiongezewa kitu, huongezewa "laiti" au "lau", na "laiti" ndiyo yenye majuto. Mitaani, hata Dar es Salaam, wengi watasema "tungekuwa tumevumilia" au "tungelivumilia", na mwanafunzi ni lazima azitambue sura zote hizo. Ila -ngali- ya vitabuni ina faida moja ya kufundishia. Inafunga mlango. Anayesema "tungeshinda" bado anaweza kuwa anaota mchezo wa kesho. Anayesema "tungalishinda" anajua kipyenga cha mwisho kimekwisha kulia.

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi hapa Rwanda mwaka 2017, wanafunzi wanaokuja kukisoma wameongezeka sababu zao: ajira, biashara, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi hufaulu vizuri sana mitihani, lakini jambo likiwagusa moyoni Kiswahili hunyamaza. Kwa hiyo walimu wanaotaka wanaweza kujaribu zoezi hili. Wape wanafunzi matokeo ya robo fainali ya mwaka 2016 na dakika 10. Waandike sentensi tano ambazo mshabiki wa Amavubi angalizisema akitembea kutoka Remera kurudi Ndera, na nyingine tano za jirani yake aliyelelewa Goma au Bukavu, ambaye jioni ile alikuwa na furaha ila hakutaka kuionyesha sana mbele ya wenzake. Wasitumie neno "hisia". Kisha wasome kwa sauti, na darasa lihesabu tu- ngapi ziligeuka wa-. Atakayeongeza kwamba Kongo walikwenda kulitwaa kombe lenyewe tarehe 7 Februari, kwa kuifunga Mali 3-0 kwenye uwanja uleule, na kwamba kwa hiyo "tulifungwa na bingwa", apewe alama ya ziada.