Unene wa Kupindukia kwa Wanafunzi wa Sekondari: Chanzo Chake na Namna ya Kuuzuia



Katika lugha yetu, kumwambia mtu "umenawiri" ni kumsifu, na wazee wengi bado huuona mwili mnene kuwa dalili ya riziki. Kwa hiyo kijana anapoongezeka uzito mwaka hadi mwaka, nyumbani hufurahiwa, mpaka siku anapopimwa. Unene wa kupindukia ni wingi wa mafuta mwilini unaodhuru afya. Hufungua njia ya kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, na maradhi hayo siku hizi hayasubiri uzee.

Chanzo si uvivu wa kijana. Mwili huweka mafuta pale chakula na vinywaji vinapozidi nguvu unayoitumia, na kurithi nako kumo. Tazameni siku ya mwanafunzi wa Ibra au Nizwa: huenda shule kwa basi, hukaa darasani, hurudi mchana akala wali na kulala, kisha hukesha na simu. Wakati wa kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 40. Nani atamlaumu asipotoka nje? Na kukesha nako huzidisha njaa, ilhali kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni vinywaji. Kopo la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko vidogo 9. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50, na bora isifike 25. Bado hatujahesabu chai ya karak na juisi za paketi. Oman iliweka ushuru wa asilimia 50 juu ya soda mwaka 2019, lakini ushuru hauingii ndani ya jokofu letu. Maji ndiyo yawe mezani, na sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo. Halua na kahawa kwa mgeni ni heshima isiyoachwa. Ila sahani isikae sebuleni kutwa. Katika Ramadhani, sambusa za kukaanga na sharubati za usiku huweza kurudisha yote yaliyopungua mchana.

Kijana anahitaji angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Baada ya Alasiri au Isha, wa Sur watembee ufukweni, wa Nizwa kando ya mashamba ya mitende. Mabinti mara nyingi husahauliwa hapa: mama atoke nao.

Msimpikie kijana chungu chake peke yake, wala msimwite "bonge", hata kwa mzaha. Aibu humfanya ale kwa kujificha. Nyumba nzima ibadilike pamoja naye.

Uzito wa kijana hupimwa kwa kulinganishwa na urefu, umri na jinsia yake, si kwa jedwali la watu wazima. Mpelekeni kituo cha afya mapema mkiona ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi na nene, anakoroma sana, au ana kiu na kukojoa kupita kawaida. Dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni asipewe kabisa.