Kile Kitenge Ulichokiweka Sandukuni



Kabla hujaendelea, hebu inuka kidogo utazame juu ya kabati lako, au chini ya kitanda, kwenye lile begi lisilofungwa zipu vizuri. Najua kuna nini humo. Kuna kitenge ulichonunua Kilombero ukasema mwezi ujao utakipeleka kwa fundi. Kuna sare ya harusi ya binti wa jirani, na huyo binti sasa ana watoto wawili. Pengine kuna kitambaa cha makochi ulichoanza kufuma ukiwa mjamzito, na mtoto mwenyewe yuko darasa la tano. Kama ni mwanaume, usicheke. Nitakufikia.

Nakuuliza hivi kwa sababu mwezi Julai, katika ile baridi yetu ambayo Mlima Meru unaweza kujificha mawinguni siku tatu mfululizo, tulimzika mama mmoja wa kigango kilicho juu ya Tengeru. Baada ya siku za msiba, familia ilikaa kugawana vitu vya marehemu. Waliniita niwepo, maana mabinti wawili walikuwa hawasemeshani vizuri tangu siku za kuuguza. Sanduku la bati likafunguliwa. Kulikuwa na vitenge 34. Nilivihesabu mwenyewe, ndiyo kazi niliyopewa. Vingine vilikuwa na karatasi ya dukani. Kulikuwa na khanga doti tisa. Kile cha WAWATA cha mwaka 2022, walipoadhimisha miaka 50, kilikuwa hakijaguswa na mkasi. Cha upadrisho wa kijana wa parokia, vivyo hivyo.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni wa zamani, palikuwa na kitambaa cha altare kilichofumwa kwa kroshia, uzi mweupe, kimefika kama theluthi mbili. Sindano ilikuwa imechomekwa pale pale mkono wake ulipoachia.

Mabinti waligombania vitenge, na maneno yaliyotoka siku ile sitayaandika gazetini. Kile kitambaa cha altare hakuna aliyekigombania. Ni mkwe, mke wa mtoto wa mwisho, aliyekichukua mkononi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hiki nikifumue uzi usipotee, au nikimalize?" Sikuwa na jibu. Nikasema tusali kwanza. Sisi mapadre tukikosa jibu husema tusali kwanza.

Nimtetee marehemu, kwa sababu hata pale msibani nilisikia mtu akinong'ona kwamba mama alikuwa na uchu wa vitenge. Aliyezaliwa baada ya mwaka 1990 hawezi kulielewa sanduku lile. Mama huyu alianza maisha ya ndoa katika miaka ambayo nguo ilitafutwa kama dawa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi haina fedha za kigeni. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, Urafiki pale Dar es Salaam, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, lakini vipuri vya mashine vilikuwa shida, na nguo madukani ikawa ya kusikia. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka foleni alfajiri mbele ya duka la ushirika, watu wamepanga mawe kushika nafasi, na ukifika dirishani unapewa ulichokuta, rangi huchagui. Mwaka 1983 ikaja ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli hapa jirani, na hata mtu mwenye doti mbili za halali akawa anaogopa jirani akiziona. Miaka iliyofuata milango ya biashara ilifunguliwa, vitenge na mitumba vikajaa sokoni. Lakini hofu haikuondoka kwa tangazo la serikali. Mwanamke aliyepita njia ile akikiona kitenge kizuri leo, na fedha anayo, mkono unakwenda wenyewe. Anaweka akiba ya mwaka ule wa 1982.

Hiyo ni hofu yao. Yetu sisi ni nyingine, na kwa maoni yangu ni ngumu zaidi kuitubu kwa sababu haionekani kama hofu.

Nilipokuwa seminari kuu ya Kibosho nikisoma falsafa, tulifundishwa mawazo ya Aristotle juu ya kitu kilicho katika uwezekano na kitu kilicho katika utimilifu. Mbegu ni mti katika uwezekano. Nilifaulu mtihani, lakini nadhani nimelielewa somo mwaka huu, mbele ya sanduku la bati. Kitambaa ambacho hakijakatwa bado kinaweza kuwa gauni, kinaweza kuwa shati, kinaweza kukutoa katika sherehe watu wageuze shingo. Siku mkasi unapopita, kinakuwa kitu kimoja tu, na hicho kimoja kinaweza kuharibika. Fundi anaweza kukosea bega. Kipimo kinaweza kukuambia ukweli juu ya kiuno chako. Basi tunakunja, tunarudisha sandukuni, tunasema bado sijapata mshono wa kukifaa. Na raha ya kununua kingine ni kubwa kuliko kazi ya kumaliza hiki, kwa sababu dukani unaota bure, lakini kwa fundi unalipa, unasubiri, unaambiwa njoo kesho. (Mafundi cherehani wa Arusha wanaosoma safu hii wanisamehe. Hiyo kesho yenu sisi wahubiri tunaitumia kueleza umilele.)

Sasa niungame mimi.

Mwaka 2013, jimbo letu la Arusha lilipotimiza miaka 50 tangu liundwe mwaka 1963, nilianza kuandika historia fupi ya parokia niliyokuwa nikihudumu. Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu. Nikanunua kinasa sauti. Nikanunua na vitabu vya historia vya kunisaidia, na hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu kila nilipotakiwa kwenda kumhoji mzee, niliona afadhali nisome kitabu kimoja zaidi ili niwe tayari. Nilifika ukurasa wa 40. Nilikuwa na makatekista watatu wa zamani wa kuwahoji, waliokumbuka padre wa kwanza kufika na jinsi alivyokuja. Wawili nimewazika. Wa tatu hanitambui tena. Daftari ninalo, kinasa sauti ninacho, vitabu vinapendeza rafuni.

Ndugu yangu mwanaume, nilisema nitakufikia. Una mabati 20 uani tangu enzi za Rais Kikwete. Una injini ya pikipiki chini ya turubai. Hatuna tofauti na mama wa vitenge, ila yeye alikunja vizuri.

Kuna jingine, na hili ni zito kwangu. Waumini wetu ni wakarimu. Kila sikukuu padre anapewa kitambaa, na nina sanduku langu. Nilipotoka pale msibani nilikwenda kulifungua, nikakuta vipande 11. Cha nne kutoka juu, cha bluu chenye ndege wa manjano, alinipa mama yule yule, miaka sita iliyopita, siku ya somo wangu. Kila nilipokwenda kigangoni kwao nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye baada ya marahaba na kumsifu Yesu Kristo aliniuliza, "Baba, lile shati langu fundi bado?" Nami nilijibu fundi bado. Msomaji, kitambaa kile sikuwahi kukifikisha kwa fundi yeyote. Kwa miaka sita nilimsingizia fundi ambaye hayupo.

Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, aliwahubiria matajiri wake kwamba vazi linalokaa bila kazi kabatini ni mali ya yule asiye na nguo. Nimelitumia wazo lake katika homilia za Kwaresima mara nyingi, kwa sauti kubwa. Sikujua lilikuwa linanitafuta mimi.

Lakini nisiwe mkali kupita Maandiko. Kitabu cha Kutoka, sura ya 36, kina tukio ambalo wahasibu wa parokia hawaliamini: Musa alipokusanya vifaa vya hema takatifu, nyuzi na vitambaa na ngozi, watu walileta mpaka mafundi wakalalamika kuwa vimezidi, na ikabidi itangazwe kambini kwamba asilete mtu tena. Vitambaa vinaweza kutosha. Inafika siku kazi iliyobaki ni kukaa na kushona.

Na katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa, yuko Tabitha, yaani Dorkasi, wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Nimeihubiri habari hii kwenye mazishi ya akina mama wengi. Luka hatuambii kama palikuwa na kanzu iliyobaki nusu, lakini mtu yeyote anayeshona anajua ilikuwepo. Fundi hafi akiwa amemaliza oda zote. Nawaza kwamba Petro alipomwinua, na wajane wakaacha kulia, na chakula kikaliwa, jioni ile mama yule alikwenda kuitafuta sindano yake ilipochomekwa.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mkwe, wiki mbili baadaye, na niliongeza kwamba hata kufumua si dhambi. Kuna kazi ulizoanza ambazo hazikuhusu tena. Gauni la mwili uliokuwa nao mwaka 2010, mwachie mwenye mwili huo. Kutoa nako ni kumaliza. Lakini kitambaa cha altare tulikubaliana ajaribu.

Akasema hawezi peke yake, mkono wake haujui ule mfumo. Basi akina mama wa jumuiya yao wakaanza kukutana Alhamisi saa kumi, kila mmoja na kiporo chake kimoja, kimoja tu. Mwenye kufuma anafuma, mwenye kupinda pindo anapinda. Walijiwekea sharti: hununui kitenge kipya kabla kimoja hakijatoka sandukuni, kimeshonwa au kimetolewa. Wiki ya kwanza walikuwa wanne. Mmoja alileta cherehani ya miguu ambayo mkanda wake ulikatika zamani, na kazi ya siku ile ikawa kutafuta mkanda. Mwingine ni mkunga mstaafu. Ndiye aliyesema kwamba wasichana hufika wodi ya wazazi na khanga moja waliyojifunga, na mtoto akizaliwa usiku wa baridi hakuna cha kumfungia. Khanga tisa za marehemu zilikuwa bado kwenye mabishano. Binti mkubwa alisimama, akaenda nyumbani, akarudi nazo zote. Mdogo wake alikuwepo. Hawakusemeshana, lakini walizikata pamoja, mmoja ameshika huku na mwingine kule.

Pale Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Kuanzia mwaka 1942 walifika hapa wakimbizi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, waliofukuzwa kwao wakapelekwa Urusi, wakapitia Uajemi hadi chini ya mlima wetu. Nikipita pale huwa nawaza walifungasha nini siku ile walipogongewa mlango, na waliacha nini kikiwa nusu mezani. Hili silitumii kuwatisha. Nalifikiria tu.

Kitenge changu nilikipeleka kwa fundi wa Kaloleni, kijana mpole. Alinizungushia futi kamba tumboni, akaizungusha tena kana kwamba haamini, akasema yadi sita zinatosha, Padre usijali. Shati niliambiwa kesho, nikalipata siku ya tisa. Kipande kilichobaki nilikipeleka Alhamisi, wakatoa vitambaa viwili vya kufungia watoto, vya bluu, vyenye ndege wa manjano. Shati lenyewe nililivaa kwenda kigangoni, na nikapita kaburini kwanza.

Nisisahau kukuambia kuhusu altare. Kanisa la kigango kile, ambalo mama alikuwa akilifumia kitambaa, halina paa. Lilianza mwaka 2014 na limesimama kwenye lenta. Tunasali katika darasa la chekechea, na Injili ya Luka sura ya 14, ile ya mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, naisoma pale nikiwa nimeangalia chini. Mama alilijua hilo. Alianza kufuma ukuta ukiwa futi tatu.

Alhamisi iliyopita kilikuwa kimebaki shubiri mbili. Mkono wa mkwe unabana uzi kuliko wa mama mkwe wake, kwa hiyo mahali pa kupokezana panaonekana, mstari kabisa, mfumo unakuwa mdogo ghafla. Alitaka kufumua arudie mpaka vifanane. Wenzake walimkatalia. Tutakitandika kwanza kwenye meza ya chekechea.