Kidonda Kimefunga, Lakini Mtu Amebadilika



Barabara za mji wetu wa Bukavu hupanda na kushuka milima. Pikipiki hukimbizana kutoka Nyawera mpaka Kadutu, na wengi wanaozipanda hawana kofia ngumu kichwani. Mvua kubwa hubomoa nyumba zilizojengwa mitelemkoni. Tetemeko la nchi la Dominika, tarehe 3 Februari 2008, liliangusha kuta hapa kwetu na ng'ambo ya Ruzizi. Tena miaka ya vita imetuletea risasi na mapigo. Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Fulani aliumia kichwa, lakini Mungu asifiwe, amekwisha kupona.» Je, amepona kweli?

Tutoe mfano. Mwashi mmoja, baba wa watoto wanne, ameanguka kutoka juu ya ukuta, akalala hospitalini majuma matatu. Kidonda kikafunga, nywele zikaota, naye akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Majirani wakaja kumpongeza. Lakini mwezi haujaisha, mkewe analia kwa siri. Baba yule aliyekuwa mpole sasa hufoka kwa ajili ya kijiko kilichoanguka. Akitumwa chumvi sokoni, hurudi mikono mitupu, kwani amesahau. Kazini huchoka kabla ya saa nne ya asubuhi. Ndipo manong'ono huanza: huyu asema ni mvivu, yule asema ni mlevi, na wa tatu asema amerogwa.

Sivyo, ndugu zetu. Mtu huyu si mvivu, wala hakurogwa. Ubongo wake umeumia.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Ni kitu laini sana, kilichofungwa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika, na nyuzi zake nyembamba huweza kukatika hata kama ngozi ya nje haikupasuka. Kila sehemu ina kazi yake. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kuume, na kwa watu walio wengi huongoza usemi pia. Sehemu ya nyuma ni ya kuona. Ile ya mbele, ndani ya paji la uso, humsaidia mtu kupima mambo na kuizuia hasira yake.

Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akitia baruti ndani ya mwamba. Baruti ikalipuka ghafula. Mtaimbo wa chuma, mrefu kupita mita 1, ukampenya shavuni ukatokea utosini. Hakufa, aliishi miaka 11 tena. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake iligeuka: mtu mtaratibu akawa mwenye matusi na asiyedumu katika shauri moja. Hata hivyo, baadaye aliendesha magari ya farasi miaka kadhaa katika nchi ya Chile. Basi aliyeumia ubongo aweza bado kufanya kazi na kupata riziki yake.

Wala si mapigo tu yanayoumiza ubongo. Malaria ikipanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kiharusi kiletwacho na tansio ya damu, hata kuzama ziwani na kukosa hewa kwa dakika chache, yote haya yaweza kuacha alama ya maisha.

Basi tufanyeje? Kwanza, aliyegongwa kichwa akitapika, akisinzia kupita kiasi, akishikwa na degedege, au kichwa kikizidi kumwuma, tusimwache alale hadi asubuhi: apelekwe hospitalini mara moja. Pili, akirudi nyumbani, tumpe kazi moja kwa wakati mmoja, kwa saa zile zile kila siku. Tumwandikie mambo katika daftari. Tupunguze makelele, tumwache apumzike, na pombe asiionje. Akipata kifafa, tusiogope kumshika, kwa maana kifafa hakiambukizi. Ameze dawa kila siku kama daktari alivyoagiza. Hapa Bukavu kituo cha SOSAME, kazi ya Mafurere wa Upendo tangu mwaka 1994, hupokea wagonjwa wa namna hiyo, na kituo cha Heri Kwetu husaidia walemavu. Nayo sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022 hulinda haki zao.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu aliyetoka hospitalini akisahau leo somo alilolijua jana, msimcheke. Mwazimeni daftari, mrudieni somo polepole.

Na yule mke wa mwashi, nani anamkumbuka? Mzigo wake ni mkubwa: mumewe yu hai, lakini si yule aliyefunga naye ndoa. Katika kila shirika la parokia, mama mmoja aweza kukaa na mgonjwa alasiri moja, ili mwenzake apate kufua, kulala kidogo, au kusali kwa utulivu.

Sote twamjua Msamaria mwema. Twapenda kusimulia jinsi alivyofunga vidonda vya mtu yule kando ya njia. Lakini twasahau kwamba hakuishia hapo: alimpandisha juu ya mnyama wake, akalipa nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Kufunga kidonda ni kazi ya siku moja. Kurudi ni kazi ya miaka. Mwaka huu, ni mlango wa nani ambao hatujaurudia?