SUNGURA WAKO ANA MIMBA AU NI MGONJWA?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakukosea. Lakini mkulima yeyote atakuambia kwamba kuna mawingu yanayopita juu ya shamba lake bila kudondosha hata tone. Mpenzi msomaji, mimi niliwahi kuona wingu nikakimbia kutoa ndoo nje, kumbe yaliyokuwa yakija si mvua bali ni msiba. Hebu nikusimulie, halafu nikueleze nilichojifunza, ili yaliyonipata yasikupate.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha pili, nyanya yangu aliuza majogoo wake akanipa shilingi elfu moja. Aliniambia, "Mjukuu wangu, hizi si za mandazi. Tafuta kitu kitakachozaa." Nami nikanunua sungura jike wa aina ya chinchila, mwenye manyoya ya kijivu. Nikamwita Majivu. Nia yangu ilikuwa moja tu: apate vitungule, niwauze, nijilipie pesa za chakula cha mchana hapa shuleni, kwa maana mama alikuwa akizitafuta kwa shida sana.

Kabla sijaendelea, niondoe utata. Chinchila mwenyewe si sungura. Ni mnyama mdogo wa milima ya Andes, kule Amerika Kusini. Mimba yake huchukua siku 111 hivi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa jina hilo alionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwaka wa 1913, akapewa jina kwa sababu manyoya yake yanafanana na ya mnyama huyo. Yeye ni sungura kamili. Mimba yake ni ya mwezi mmoja tu, na vitungule huzaliwa uchi na vipofu, wakafumbua macho baada ya siku 10 hivi. Kwa hiyo usisome habari za mmoja ukamfanyia mwingine!

Basi, nilimpeleka Majivu kwa dume la jirani. Siku ya tisa, asubuhi, nikamkuta tumbo limejaa. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka: "Majivu amebeba!" Mama akafurahi. Nikamwekea majani ya kabichi, tena mengi, yakiwa bado yamelowa umande. Hakuyagusa. Nikasema moyoni kwamba wenye mimba huchagua chakula, maana nilimwona shangazi akifanya hivyo. Nikaenda shule nikiimba. Niliporudi jioni, Majivu alikuwa amelala ubavu, amekauka.

Afisa mmoja wa mifugo alikuwa amekuja kwa jirani kutibu ng'ombe. Nilimsihi aje. Alimpasua Majivu mbele yangu. Ndani hamkuwa na kitungule hata mmoja. Mlikuwa na hewa na majani yaliyochacha. Nyanya alipopata habari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Afisa yule aliketi nami kwenye jiwe akanifundisha. Haya ndiyo aliyonieleza, pamoja na niliyoyaona mwenyewe tangu siku hiyo.

DALILI ZA MIMBA

Kwanza kabisa ni tarehe. Sungura jike hangoji siku maalum za joto kama ng'ombe. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, muda wa saa 10 hivi. Kwa hiyo siku aliyopandwa ndiyo ya kuhesabia. Iandike ukutani au kwenye daftari. Atazaa kati ya siku ya 28 na ya 32, na wengi huzaa siku ya 31. Kumbuka pia kumpeleka jike kwa dume, si dume kwa jike, kwani jike hulinda makao yake na anaweza kumng'ata mgeni vibaya.

Pili ni kupapasa. Kati ya siku ya 10 na ya 14, mtu mzoefu hupitisha vidole polepole chini ya tumbo, karibu na nyonga. Akihisi vitu laini vinavyoteleza kama zabibu, hiyo ni mimba. Vinyesi vilivyo ndani navyo huwa vidogo na vigumu. Angalia usije ukafinya, maana utaua wote. Kama hujui, usijaribu, tumia kalenda tu.

Tatu ni tabia. Mwenye mimba hula vizuri na kunywa maji kwa wingi. Wengi humkataa dume na kutotaka kushikwashikwa. Tumbo lake hukua polepole, na mara nyingi hulioni mpaka wiki ya mwisho. Hapo ndipo nilipokosea. Siku tisa! Vitungule wa siku tisa hawawezi kuvimbisha tumbo usiku mmoja.

Nne ni kiota. Karibu na kuzaa utamwona amebeba nyasi mdomoni, kisha ananyofoa manyoya ya kifuani na tumboni kuwatandikia watoto. Wewe usingoje hayo. Mwekee sanduku lenye nyasi kavu siku ya 28. Siku moja kabla ya kuzaa anaweza kupunguza kula, na hilo lisikutie hofu ikiwa tarehe zinalingana.

Lakini jihadhari na mimba ya uongo. Kuna jike ambaye hakushika mimba lakini mwili wake ukadanganyika. Huyo huanza kunyofoa manyoya mapema, kama siku ya 16 hadi 18. Si mgonjwa. Angalia tarehe, utajua.

DALILI ZA UGONJWA

Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na akionyesha udhaifu huliwa. Ndiyo maana huficha maumivu yake mpaka hali iwe mbaya. Hatakulilia kama mbuzi. Ni lazima umchunguze wewe kila asubuhi kabla ya kuvaa sare na kila jioni ukirudi.

Anza na chakula na kinyesi. Mzima hula mara nyingi mchana na usiku, na hutoa vinyesi vya mviringo, vikavu, vya ukubwa mmoja. Ukimwona akila vingine vilivyo laini, vimeshikana na kung'aa, usishtuke, hivyo huvila moja kwa moja kutoka nyuma na ndivyo Mungu alivyomuumba apate virutubisho. La kuogopesha ni kutokula na kutokunya. Sungura hawezi kutapika. Kilichochacha tumboni hakina mlango wa kurudi. Akikaa nusu siku bila kula, usiseme utaona kesho.

Tumbo lililojaa hewa huvimba kwa muda wa saa chache. Huwa gumu, na ukiligonga kwa kidole hulia kama ngoma. Mgonjwa hujikunja pembeni, husaga meno kwa uchungu, na masikio yake huwa baridi. Sababu moja ni majani mabichi mengi kwa ghafla, hasa yaliyolowa au yaliyoanza kuoza. Anika majani kwanza yanyauke, na chakula chake kikuu kiwe nyasi kavu.

Vitungule walioachishwa kunyonya husumbuliwa na koksidiosisi. Huharisha, manyoya husimama, tumbo huwa kubwa ilhali uti wa mgongo unahesabika kwa vidole. Viini vyake huenezwa na kinyesi, kwa hiyo fagia kizimba kila siku na chakula usikitupe sakafuni.

Angalia pua na miguu ya mbele pia. Mwenye mafua hupangusa pua kwa miguu, nayo manyoya ya ndani hugandamana. Chungulia masikio. Ukiona magamba ya kahawia naye anatikisa kichwa kila mara, huo ni utitiri. Mtenge na wenzake, nawa mikono, umwite daktari wa mifugo.

Jambo lingine ambalo ni hatari: usimpe sungura dawa zilizobaki nyumbani. Jirani yetu mmoja alinishauri siku moja nifungue kidonge cha amoksilini nimwagie mdomoni. Dawa hiyo, na nyingine za jamii ya penisilini, zikimezwa na sungura huua viini vizuri vya tumboni mwake, naye akafa. Inayomponya binadamu inaweza kumzika sungura.

KWA UFUPI

Ukiona tumbo kubwa, jiulize maswali manne. Alipandwa lini? Tumbo limekua kwa siku nyingi au kwa usiku mmoja? Anakula? Anakunya? Mwenye mimba hujibu vizuri yote. Mgonjwa hushindwa na mawili ya mwisho.

Baada ya kifo cha Majivu nilifagia vizimba vya jirani likizo nzima ya Agosti, naye akanilipa kwa sungura jike mchanga. Nilingoja afikishe miezi sita ndipo nikampeleka kwa dume, nikaandika tarehe kwa mkaa ukutani. Siku ya 28 nikaweka sanduku. Siku ya 31 asubuhi nikakuta manyoya yanapumua! Walikuwa vitungule saba. Nilitaka kulia nilipoona mama yao hakai nao, mpaka nikakumbuka kwamba sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache. Mmoja alikufa, sita wakakua. Wanne niliuza, na pesa za chakula za muhula huu nilizilipa mwenyewe. Wawili nilimpelekea nyanya. Akawaangalia, akacheka, akasema, "Sasa umetafuta."

Wiki mbili zilizopita mvulana wa kidato cha kwanza alinijia mbio wakati wa mapumziko. "Sungura wangu amebeba, tumbo limejaa tangu jana!" Sikumpongeza. Nilimuuliza kama amekula na kama amekunya. Akanyamaza. Aliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, akarudi nyumbani, na daktari akaitwa mapema. Sungura yule yuko hai hadi leo.

Ndugu zangu, mawingu ni dalili kweli. Lakini kabla ya kutoa ndoo nje, tazama kwanza ni mawingu gani.