Fahamu: Kwa nini Goma inahitaji wachangiaji damu wanaojulikana kabla ya dharura

Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoingia Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, majeruhi walijaa hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, hadi nafasi ikakosekana. Mji ulikatiwa umeme na maji. Katika hali hiyo, kumtafuta mtu wa kutoa damu huku risasi zikilia ni kuchelewa tayari.

Damu haitengenezwi kiwandani. Chembe nyekundu hukaa takriban siku 35 hadi 42, tena kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Chembe sahani hukaa siku tano tu hivi. Kwa hiyo kampeni moja kubwa ya mara moja haitoshi. Wanaotakiwa ni watu walioandikishwa, ambao kundi lao la damu linajulikana na wanaorudi kila baada ya miezi kadhaa. Ndugu wa mgonjwa aliyekimbizwa hospitali usiku, akiombwa kutoa damu ghafla, anaweza kuficha ugonjwa alio nao kwa hofu ya kumpoteza mpendwa wake, na hilo ni hatari.

Wala si vita pekee vinavyohitaji damu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na malaria humaliza damu ya watoto wadogo.

Mchangiaji hutoa takriban mililita 450. Damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa kawaida mwanamume husubiri miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke minne.