Taa za Mmweko: Mwanga wa Studio na Uso wa Askari

Picha ya pasipoti, ambayo kwa kawaida ina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45, ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Katika mpaka wa Gatumba au wa Kobero, kwenye kizuizi cha barabarani, au langoni mwa kambi, askari huitazama picha hiyo, kisha humtazama aliyeileta, naye huamua katika muda wa pumzi chache kama hao wawili ni mtu mmoja. Iwapo uso uliomo katika picha umekuwa doa jeusi lenye macho mawili yanayong'aa, uamuzi huo hugeuka kuwa wa kubahatisha. Mwenye haki yake husimamishwa juani bila sababu, na asiye na haki huweza kupita huku akitabasamu. Aghalabu kosa huwa si la kamera wala la karatasi. Kosa huwa ni la mwanga.

Katika studio za Buyenzi, Bwiza na katikati ya mji wa Bujumbura, kama ilivyo katika miji yote ya Afrika Mashariki, mwanga wa kupigia picha hutoka katika taa za mmweko, ambazo wapiga picha wenyewe huziita flashi. Askari na polisi wengi hukaa mbele ya taa hizo kwa ajili ya vitambulisho, hati za safari, na zile picha za sare ambazo hutundikwa ukutani nyumbani. Wapo pia miongoni mwao ambao kazi yenyewe huwataka wapige picha: wa vitambulisho, wa upelelezi, wa mahusiano na umma. Yafaa basi tuitazame taa hii kwa makini, tujue namna inavyofanya kazi na namna ya kuichagua.

Ndani ya taa ya mmweko mna ghala la umeme liitwalo kapasita. Umeme hukusanywa humo kidogo kidogo kwa sekunde moja au mbili, kisha huachiwa wote kwa mara moja upite katika mrija wa kioo uliojaa gesi ya zenoni. Gesi huwaka ghafula kwa mwanga mweupe mkali, na mara nyingi mwako wote umekwisha katika muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa sababu hiyo mtu hata akipepesa au akitikisika, picha haichafuki. Aliyeifikisha taa hii katika upigaji picha wa kisasa ni Mmarekani Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha ufundi cha MIT kilichopo Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1930. Wasomaji wetu wa jeshini huenda wakapendezwa kujua kwamba kazi yake haikukomea studio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza taa kubwa za kufungwa katika ndege, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 ndege zenye taa hizo zilipita juu ya Normandy zikipiga picha barabara gizani, ili makamanda wajue kama majeshi ya Ujerumani yalikuwa yakisogea kuelekea pwani.

Katika mji huohuo wa Cambridge ilikuwapo kampuni ya Polaroid, na kisa chake hakina budi kusimuliwa mahali hapa, maana kinaonyesha kwamba taa si kitu kisicho na upande. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vilikuwa vikitumika Afrika Kusini kutengenezea vile vitabu vya pasi ambavyo utawala wa ubaguzi uliwalazimisha Waafrika kuvibeba. Walianzisha vuguvugu la kupinga jambo hilo na kuwataka watu waisusie kampuni. Mwaka 1977 Polaroid ikakoma kuuza bidhaa zake nchini humo. Kamera ya vitambulisho ya kampuni hiyo, iliyoitwa ID-2, ilikuwa na kitufe cha pekee: ukikibonyeza, mmweko uliongezeka nguvu. Watu wengi wameeleza kwamba kitufe hicho kilifaa mno kwa nyuso nyeusi. Jambo hilo lina maana mbili. Kwanza, kwamba mafundi walijua tangu zamani kuwa kipimo cha mwanga kilichowekwa kwa ngozi nyeupe hakimtoshi mtu mweusi. Pili, kwamba waliijali elimu hiyo pale ambapo kulikuwa na mtu wa kufuatiliwa. Sisi tunayo haki ya kuitumia elimu hiyo kwa faida yetu wenyewe.

Sababu ya uso mweusi kupotea katika picha si fumbo. Kipimamwanga kilichomo katika kamera hudhani kwamba kila kinachokitazama kina rangi ya kijivu ya wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya kitambaa cheupe, kama vitambulisho vinavyotaka, kamera huona weupe mwingi, huhofu kwamba picha itaungua, nayo hupunguza mwanga. Kitambaa hutoka kijivu, na uso hutoka mweusi tititi. Mpiga picha mwenye haraka huongeza nguvu ya taa na kuielekeza usoni moja kwa moja. Hapo paji la uso na pua hung'aa kama sufuria mpya, mashavu hubaki gizani, na picha huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupima mwanga ukiwa usoni, si kwa kuitazama picha nzima. Kipimamwanga cha mkononi huwekwa chini ya kidevu cha mwenye kupigwa picha, kikaelekezwa kwenye kamera, na taa ikafyatuliwa mara moja. Asiye na kifaa hicho apige picha ya majaribio, alitazame shavu na si kitambaa, kisha aongeze tundu la lenzi kidogo kidogo mpaka ngozi ionekane na alama zake. Dawa ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo ni ukubwa wa chanzo cha mwanga. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa ndogo iliyo wazi hutoa mng'ao mdogo mkali kama cheche. Taa hiyohiyo ikiangazia ndani ya mwavuli mweupe wa mita moja, au ikifunikwa kwa sanduku la kitambaa, mng'ao hutandaa juu ya shavu lote na uso hupata umbo lake. Kwa hiyo mwenye fedha za kununulia kitu kimoja tu, na achague taa ya nguvu ya kadiri pamoja na mwavuli mkubwa, aiache taa yenye nguvu nyingi isiyo na mwavuli.

Nguvu ya taa hupimwa kwa juli. Katika chumba cha mita tatu kwa nne, ambacho ndicho kipimo cha studio nyingi za mjini, taa ya juli 200 hadi 400 inatosha kabisa kwa mtu mmoja au wawili. Ziada hiyo ya nguvu ambayo wauzaji huipigia debe ina mahali pake, nako ni katika picha ya kikosi. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Chukua kikosi kilichopangwa safu kadhaa, safu ya mbele ikiwa mita mbili kutoka kwenye taa na ya nyuma mita nne: wa nyuma watapata robo ya mwanga wa wenzao, nao watakuwa vivuli vyenye kofia. Irudishe taa mpaka mita sita kutoka safu ya mbele, na safu ya nyuma iliyo mita nane itapata zaidi ya nusu. Tofauti hiyo macho huistahimili. Ila taa iliyorudishwa mbali hivyo hutaka nguvu, na hapo juli 600 hazitakuwa anasa.

Katika kununua, la kwanza ni kusoma kibandiko kilicho nyuma ya taa. Umeme wa Burundi ni wa volti 220, na soketi zake ni zile za Ulaya zenye matundu ya duara. Taa iliyotumika Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, au Japani ambako ni volti 100, itaungua siku ya kwanza isipokuwa kama inao uwezo wa kubadilishwa. La pili ni kukatika kwa umeme, ambalo mkazi wa Bujumbura hahitaji kuelezwa. Taa ya mmweko ikiwa inajaza kapasita huvuta umeme kwa pupa, na jenereta ndogo hulemewa nayo kila mara. Inveta za bei rahisi nazo hutoa umeme wenye mawimbi ya mkato ambao huziumiza taa hizi. Ndiyo maana taa zenye betri zake zenyewe za lithiamu, ambazo zimeenea sana tangu katikati ya miaka ya 2010, zimekuwa mkombozi wa studio zetu. Huchajiwa umeme unapokuwapo na hutumika wakati wowote, hata kambini kusikokuwa na waya.

Kuhusu majina, zipo za Uswisi kama Elinchrom, za Uswidi kama Profoto, na za China kama Godox, ambazo ndizo za bei nafuu. Kampuni ya Uingereza ya Bowens ilifungwa mwaka 2017, lakini mtindo wake wa kufungia miavuli na masanduku mbele ya taa umebaki, na watengenezaji wengi wa China wanautumia. Anayenunua taa yenye mdomo wa Bowens hatakosa vifaa vya kuifunga.

Taa kuukuu zitazamwe kwa hadhari. Baadhi yake hupitisha volti zaidi ya 200 katika waya unaoziunganisha na kamera, na umeme huo unaweza kuiua kamera ya dijitali. Kifyatuzi cha redio huondoa hatari hiyo. Na mtu yeyote asiye fundi asithubutu kulifungua ganda lake. Kapasita hubaki na umeme wa kuua hata baada ya taa kuchomolewa ukutani.

Sare ina matatizo yake mwenyewe. Ukingo wa kofia hutupa kivuli juu ya macho, na picha ya ofisa asiye na macho haina thamani hata kidogo. Mpiga picha mzuri atasema, "Afande, inua kidevu kidogo," lakini kidevu kikiinuka sana mtu huonekana mwenye kiburi. Afadhali taa ishushwe mpaka iwe juu kidogo tu ya macho, na ubao mweupe au karatasi nyeupe ishikwe kifuani, nje ya picha, ili irudishe mwanga juu chini ya ukingo. Nishani na vifungo huurudisha mwanga kwa pembe ileile ulioingilia, kama mpira unaodundishwa ukutani. Nishani ikiwaka nyeupe mpaka haisomeki, isogeze taa upande mmoja. Usipunguze nguvu yake. Miwani nayo hutiishwa kwa njia hiyohiyo.

Kwa picha ya kitambulisho, uzuri huwekwa kando. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal, linataka mwanga ulio sawa pande zote, bila kivuli usoni wala nyuma ya kichwa, na rangi ya ngozi iwe ya kweli. Weka taa mbili zenye miavuli, moja kila upande wa kamera, kwa umbali sawa na nguvu sawa. Mtu akae mbele ya kitambaa kwa zaidi ya mita moja, ili kivuli chake kianguke sakafuni.

Polisi wa upelelezi huhitaji kinyume cha hayo. Alama ya kiatu katika tope, ikiangazwa kutoka juu, hupotea machoni, maana mwanga huyajaza mabonde yake yote. Kamera iwekwe juu ya miguu mitatu, ikitazama chini wima, na rula ilazwe kando ya alama. Mtu wa pili aifunike kwa ubao ili kuzuia jua. Kisha taa ya mmweko, ikiwa imeunganishwa kwa waya mrefu au kwa redio, ishikwe chini karibu na ardhi, hatua moja au mbili kutoka kwenye alama, ili mwanga uteleze juu ya udongo na kila ukingo utupe kivuli. Picha zirudiwe kutoka pande tatu au nne, kwa sababu mstari usioonekana mwanga ukitoka kaskazini huweza kujitokeza ukitoka mashariki. Yote hayo yafanywe kabla plasta haijamwagwa, kwani plasta ikishang'olewa, alama ya udongoni haipo tena.