Tetris ya mtandaoni: Jinsi ya kumwangusha beste wako aliye Bungoma ukiwa Kitale

Unakumbuka ile gemu ndogo ya matofali, ya betri, iliyokuwa ikizunguka darasa zima hadi mwalimu aipokonye? Ile ilikuwa Tetris, au binamu yake wa karibu. Aliyeitunga ni Alexey Pajitnov, akiwa Moscow mwaka wa 1984. Mwaka wa 1989 ikaenea duniani kupitia Game Boy ya Nintendo. Siku hizo ulicheza peke yako, na adui yako alikuwa kasi tu.

Sasa adui ni msee kama wewe. Nintendo ilitoa Tetris 99 mwaka wa 2019, watu 99 wanapambana hadi abaki mmoja, lakini hiyo inataka mashine ya Switch, na bei yake mimi na wewe tunaijua. Kwa hivyo leo tuongee kuhusu TETR.IO. Ni ya bure na inafunguka kwenye brauza. Unachohitaji ni kibodi, basi simu weka kando. Kama huna laptopu, ingia saiba.

Vidole kwanza

Mishale ya kushoto na kulia inasogeza kipande. Wa juu unakizungusha, wa chini unakiharakisha. Kitufe kirefu cha nafasi kinakidondosha papo hapo. Herufi Z inazungusha upande ule mwingine, na C inaweka kipande akibani ukitumie baadaye. Hiyo akiba wengi huisahau, halafu wanalia.

Uwanja una nguzo 10, na vipande ni vya aina saba. Havitoki ovyo: vyote saba hupita, kwa mpangilio wowote, ndipo duru nyingine ianze. Kwa hivyo ile fimbo ndefu ikichelewa, usipaniki. Itakuja.

Hapa ndipo vita vilipo

Ukifuta safu moja peke yake, mpinzani kwa kawaida hasikii kitu. Ukifuta mbili kwa mpigo, anapata safu moja ya takataka. Tatu, anapata mbili. Nne, anapata nne, zinachipuka kutoka chini na kusukuma ukuta wake juu. Ukuta ukifika kileleni, kwisha yeye.

Hesabu inajieleza. Jaza nguzo tisa, acha moja ya pembeni wazi kama kisima, kisha subiri fimbo. Lakini usijenge hadi karibu na paa ukingoja fimbo, kwa sababu yeye pia anakujengea.

Takataka zikiwa njiani kuja kwako, utaona mstari mwekundu kando ya uwanja wako. Huo ni muda wako wa kujitetea: futa safu haraka, na mashambulizi yako yatazifuta zake kabla hazijatua. Zikitua, zina tundu. Chimba kufuata hilo tundu, usilizibe kwa hasira.

Usikimbilie ligi siku ya kwanza. Anza na zoezi la kufuta safu 40 ukiwa peke yako, ujipime kwa saa. Macho yazoee kutazama vipande vinavyofuata, si kile kinachoshuka tu. Ukishazoea, fungua chumba chako mwenyewe, umtumie beste wako msimbo wake, na muanze.

Na intaneti ya kuvutana? Mara ya kwanza ukurasa utachukua muda kufunguka. Baada ya hapo vipande vyako vinashuka kwenye kompyuta yako mwenyewe, na kinachosafiri kati yenu ni habari za nani amefanya nini, si video. Ila bando likikata katikati ya raundi, hesabu hiyo umepoteza.

Mbona nakusumbua na haya?

Kwanza ni doh. Unajua vile vijana wengi wanakodolea macho kale kandege ka Aviator, mshahara wa kibarua ukipaa nacho. Hapa huweki shilingi. Ukishindwa mara ishirini, umepoteza muda wa saiba na kiburi kidogo, na kesho unarudi ukiwa mjanja zaidi.

Pili ni watu. Mimi karo ilinishinda, nikaacha college na kurudi Kitale. Beste yangu alibaki Bungoma akisoma. Nauli ya kupitia Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma na kurudi, si ya kila wikendi, na simu zetu zilianza kuwa za "niaje, poa, haya basi." Chumba cha gemu ndicho kilichotushika. Wiki aliyompoteza babake hakutaka kupigiwa simu na mtu. Alinitumia msimbo tu. Tulicheza raundi kumi bila kuandika neno. Ya kumi na moja akaandika: "Mazishi ni Jumamosi. Utakuja?" Nikaenda.

Kwa hivyo kama kuna mtu wako pale Kibabii, au kule Kitale National Polytechnic, ambaye mmebaki kulaikiana picha tu, mtumie msimbo leo jioni. Akikushinda, mwambie ukweli kwamba kibodi ya saiba ilikuwa na kitufe cha nafasi kinachokwama. Haamini, lakini atakubali marudiano.